Mzigo wa Mkata Kuni: Dhidi ya Uhakiki wa Mafunzo

Miongoni mwa ngano zinazonasibishwa kwa Esopo mna moja iliyo fupi mno. Mzee aliyekata kuni na kuzibeba mwendo mrefu anachoka, anautua mzigo, na kumwita Mauti. Mauti anatokea na kuuliza sababu ya kuitwa. Mzee anajibu: ili unitwike mzigo huu.

Wahakiki wengi, pamoja na walimu wanaofuata nyayo zao, hawasiti katika hukumu: mzee ni mwoga, binadamu hupenda uhai hata akiwa dhikini, ngano imekwisha. Sisi twaikataa hukumu hiyo. Imeegemea funzo lililopachikwa mwishoni, si tendo lililosimuliwa. Mzee hakuomba kuongezewa siku, wala hakukimbia. Aliomba kutwikwa. Kwamba aliogopa, hatukani. Lakini uhakiki wa mafunzo hauthubutu kuuliza swali lililo wazi: mbona njia nzima hakupatikana wa kumtwika ila Mauti?

Mwaka 1668 Mfaransa Jean de La Fontaine aliisimulia ngano hii kwa ushairi. Yeye naye alihitimisha kwamba wanadamu huona heri kuteseka kuliko kufa. Hata hivyo, kabla ya kufika hapo alimfanya mzee ahesabu yanayomlemea: mke, watoto, askari, kodi, mdai na kazi ya shokoa. Hitimisho lasema kwamba tatizo ni tabia ya binadamu. Orodha yasema kwamba tatizo lina wenyewe, na wanajulikana. Mhakiki makini angesimama penye ufa huo. Wetu huuruka.

Tutaambiwa kwamba ngano hii ni kichekesho tu, nasi twaibebesha yasiyo yake. Kichekesho kimo, ila tuulize anayechekwa ni nani. Mauti amekuja kama bwana, akapewa kazi ya mpagazi. Mzee ambaye maisha yake yote ametumwa, safari hii yeye ndiye anayetuma. Huo ni woga wa namna gani?

Wahenga walikwisha kusema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aketiye darasani humwona mzee huyu kuwa mwoga kwa sababu kuni hazimo mabegani pake. Nao wanafunzi wetu, ambao wengi wao wamesomeshwa kwa jasho la wazee waliochakaa mashambani na bandarini, hufunzwa kumcheka mkata kuni ili wapate alama mbili za mtihani. Huko ni kuwafunza kuwacheka baba zao.

Basi tuliondoe swali la "ngano hii inatufunza nini?" mahali pa kwanza linaposhika katika mitihani yetu. Badala yake tuulize: nani amebeba, amebeba nini, na ni mzigo wa nani?