KONA YA FUNDI: Mashimo ya nguzo, kabla hamjawasha mashine

Mwezi huu kona yetu inajibu swali lililoingia kwenye sanduku la barua kutoka kwa mjumbe wa kamati ya wazazi: "Mashine ya kutoboa mashimo ikiletwa kwa uzio wa shule, sisi wazazi tuangalie nini?" Swali zuri, maana vijana wetu wengi ndio wanaochukuliwa kibarua kwenye kazi hizo, na watoto wetu ndio wanaocheza pale mashimo yanapobaki wazi.

MASHINE YENYEWE NI NINI?
Ni keekee kubwa ya udongo, mfano wa msumari wa skurubu, yenye mabawa yanayozunguka na kupandisha udongo juu. Inazungushwa na mota inayosukumwa na mafuta ya haidroliki kutoka kwenye trekta, kijiko au injini ndogo ya pembeni. Wingi wa mafuta yanayopita ndio unaoleta mwendo. Msukumo wake ndio unaoleta nguvu. Kwa hiyo mashine yenye mwendo wa kasi si lazima iwe na nguvu. Uzuri wake mkubwa ni kwamba inaweza kuzunguka kinyumenyume, ikinasa chini unairudisha.

Lakini tusidanganyane. Kwa nguzo sita za jiko lako, mtaimbo na sepetu vinatosha kabisa. Mashine ina maana pale kazi ni nyingi. Piga hesabu: uzio wa meta 100, nguzo kila meta 2 na nusu, hayo ni mashimo 41. Hapo mgongo wa kijana utaomba msamaha.

KINA NA UPANA
Kanuni ya mafundi: robo mpaka theluthi ya nguzo iwe chini ya ardhi. Nguzo ya meta 2.4 iingie sentimeta 60 hadi 80. Ukiona fundi anafukia sentimeta 30 tu ili amalize mapema, mwulize mvua ikinyesha na upepo ukija nani atalipa.

Upana: kama unajaza zege, shimo liwe karibu mara tatu ya unene wa nguzo. Nguzo ya sentimeta 10, shimo la 30. Kama unashindilia udongo tu, linaweza kuwa jembamba zaidi, ila mti wa kushindilia upate nafasi ya kupita pande zote.

Keekee hizi huwa za upana tofauti: sentimeta 15, 23, 30 mpaka 45. Usikimbilie kubwa. Shimo la upana wa 30 na kina cha 75 linatoa udongo zaidi ya madumu mawili na nusu ya lita 20. La upana wa 15, kina kilekile, halijazi hata dumu moja. Upana ukiongezeka mara mbili, udongo unaongezeka mara nne, na mashine inahitaji nguvu zaidi. Mashine ndogo ukiifunga keekee kubwa itagoma tu.

MENO YAFUATE UDONGO
Hapa ndipo wengi wanapotea. Kabla ya kukodi, chimba shimo moja la kujaribu kwa mtaimbo, ujue chini kuna nini.

1. Udongo laini, mchanga au mfinyanzi: meno bapa ya kawaida yanatosha. Mfinyanzi uliolowa unang'ang'ania mabawa, basi inua mara kwa mara.
2. Moramu ngumu au udongo wenye kokoto: tafuta meno yenye ncha za chuma kigumu kuliko chuma cha kawaida. Meno bapa yataisha siku hiyohiyo.
3. Mwamba mzima: hakuna keekee ya udongo itakayousaidia. Hamisha nguzo.

Angalia pia ncha ya katikati, ile inayotangulia. Ikiwa imelika, keekee inatangatanga na shimo linakwenda upande. Meno yaliyolika yabadilishwe yote pamoja, siyo moja moja. Na shina la keekee lazima liingie sawasawa kwenye mota, lifungwe kwa pini yake. Msumari si pini!

NAMNA YA KUCHIMBA
Kwanza kabisa, waulizeni watu wa maji mabomba yanapita wapi. Bomba likikatwa, bloki nzima inalala bila maji. Kaeni pia mbali na mashimo ya vyoo, ya zamani na ya sasa, maana kingo zake zinaporomoka.

Anza polepole, keekee ikiwa wima. Shuka sentimeta 20 au 30, inua, acha udongo umwagike, rudi tena. Ukishuka moja kwa moja mpaka chini, udongo unajaa juu ya mabawa na keekee inajifukia yenyewe. Ikigonga jiwe, simamisha. Toa jiwe kwa mtaimbo, halafu endelea. Kulazimisha ni kuvunja meno na kuumiza anayeshika.

Chini ya shimo weka kokoto kiasi cha sentimeta 10, maji yapate njia. Simamisha nguzo, rudisha udongo kidogo kidogo, kila sentimeta 15 shindilia. Juu kabisa fanya kichuguu kidogo ili mvua ikimbie nguzo. Mti wenyewe uwe umebanduliwa gome na kukauka.

USALAMA, WAZAZI MSIKILIZE
Anayetumia mashine asivae kanga, skafu wala shati linalopepea. Mabawa yakishika kitambaa, yanamvuta mtu mzima mzima. Udongo haupanguswi kwa mkono wala mguu wakati keekee inazunguka, zima kwanza.

Mipira ya mafuta ikivuja, usipapase kwa kidole kutafuta tundu. Tumia kipande cha katoni. Mafuta yenye msukumo mkubwa yanapenya ngozi kama sindano. Kidonda kinaweza kuonekana kama tundu dogo tu, kumbe ndani mkono unaharibika. Mtu huyo apelekwe hospitali saa hiyohiyo, asisubiri kesho, na amwambie daktari kwamba ni mafuta ya haidroliki.

Na la mwisho, ambalo kamati isilifumbie macho: shimo lisilale wazi. Shimo la sentimeta 30 kwa meta moja linammeza mtoto wa miaka miwili, na likijaa maji ya mvua ni balaa. Chimbeni mashimo ya kutosha nguzo za siku hiyo tu. Yakibaki, funikeni kwa mbao nzito na mawe juu, siyo majani. Jambo hili liandikwe kwenye makubaliano na kandarasi kabla kazi haijaanza, na mzazi mmoja apewe zamu ya kupita jioni kuhesabu mashimo.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutaongea juu ya kunyoosha waya wa uzio bila kulaza nguzo za pembeni. Maswali yenu tumbukizeni kwenye sanduku. Kazi njema!