MIGONGO YA WACHUKUZI

Kila mara neno lumbesa likitajwa, watu hulia juu ya mkulima anayepunjwa. Ni kweli anapunjwa. Lakini leo sisi twauliza: gunia hilo hupakiwa na kuteremshwa na nani? Haliendi kwa miguu yake.

Sheria ya Vipimo ya Tanzania imekataza gunia kupita kilo 100. Hata kilo hizo ni nyingi mno kwa mgongo wa mtu. Mwaka 1967 Shirika la Kazi la Dunia lilipitisha Mkataba namba 127, kwamba mtu asibebeshwe mzigo wa kumdhuru, na katika pendekezo lililofuatana nao likataja kilo 55 kuwa kipimo cha juu kwa mwanamume mzima. Basi gunia letu la halali ni karibu mara mbili ya hapo. Na lumbesa je?

Mtu akiinama, akainua mzigo ulio mbali na kiwiliwili, kisha akageuka nao, huibana gegedu iliyo baina ya pingili za kiuno. Ikichomoza ikagusa mshipa wa fahamu, maumivu hushuka mpaka mguuni. Mwenye mali husema, "Huyu mvivu." Si mvivu, ameumia kazini! Na kwa kuwa hulipwa kwa gunia, siku asiyobeba hali. Hubeba hivyo hivyo.

Jina Kariakoo limetokana na Carrier Corps, wapagazi waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza katika vita vya 1914 hadi 1918. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa maradhi. Mkoloni amekwisha ondoka. Mbona pale pale Kariakoo mtu angali anabeba kama mpagazi wake?

Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kazi mwaka 2015, nasi twausifu. Lakini kuli wa kutwa hana mwajiri anayemkiri. Akianguka, kila tajiri husema si wangu.

Ndugu wanachama, tusitupe lawama kwa wengine tu. Wakulima, wenye malori na wenye maduka wamo humu chamani, na ndio wafungao magunia. Twataka gunia la kilo 50, matoroli sokoni, na wachukuzi waandikishwe. Makuli wa bandari ya Dar es Salaam walipogoma pamoja mwaka 1947, mgomo ulifuata reli mpaka bara, walisikilizwa. Matawi ya sokoni yaanze sasa. Tawi lisilo na mizani lichange, liinunue kabla ya mavuno.