Kufuma na Kufumua

Wako wasemao kuwa kufuma sweta kwa mkono ni kazi ya mtu asiye na kazi. Sweta la mtumba, wasema, hupatikana sokoni kwa bei ndogo kuliko uzi wa kulifumia. Ya nini basi kukesha juma baada ya juma na sindano mbili? Hoja hii ikisemwa Kibiti, au ndani ya delta ya Rufiji ambako baridi ni mgeni, huonekana imeshinda kabla ya kujibiwa. Mimi naona imeshindwa.

Kwanza, pwani nayo ina haja ya sweta. Mtoto mchanga huvikwa sweta na kofia ya kufuma hata wakati wa joto, na kijana wa Kibiti apelekwaye kusoma Njombe huijua baridi usiku wa kwanza. Lakini hoja yangu haikai juu ya baridi; yakaa juu ya ujuzi.

Tazama mkeka. Mwanamke wa Rufiji hukata makuti machanga ya mkindu, huyaanika, huyachana kuwa chane, nyingine huzichemsha katika rangi, kisha husuka ukili. Ukili ukiwa mrefu wa kutosha, hushonwa kwa shazia ubavu kwa ubavu hata ukawa mkeka. Aliyeifanya kazi hii hana haja ya kufundishwa kutunza mkeka: huutandika kwa adabu, huukunja kwa adabu, na ukichanika huurudishia shazia. Kufuma sweta ni mafunzo yale yale kwa uzi.

Tena, nchi ile ina haki ya kusema juu ya gharama ya nguo. Mwaka 1905 watu wa Umatumbi, jirani zake wa kusini, waling'oa pamba waliyolazimishwa kuilima na serikali ya Wajerumani, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro mwezi wa Agosti mwaka huo. Pamba ile haikukusudiwa kuwavika walioilima. Leo hakuna kiboko. Lakini sehemu kubwa ya pamba yetu huuzwa nje kabla ya kuwa uzi, nasi twanunua nguo zilizokwisha kuvaliwa na wengine, na jambo hili twaliita nafuu.

Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuzipunguza nguo hizo hata zikome. Marekani ilipotishia kuondoa nafuu ya biashara, Rwanda peke yake ilishikilia azimio, na mwaka 2018 nguo zake zikanyimwa nafuu hiyo. Simlaumu maskini anunuaye mtumba. Amejisitiri, na sitara ni heshima. Namlaumu msomi mwenzangu ambaye kabati lake halifungiki, anunuaye shati kila mwisho wa mwezi na kulisahau. Kisha asimamapo kando ya barabara Kibiti, humbana msukaji wa mkeka apunguze bei ya kazi ya siku nyingi, akajiona mjanja.

Lugha yetu imeyatenga matendo haya kwa uangalifu. Uzi hupotwa, ukili husukwa, sweta hufumwa, kanzu hushonwa, kofia hutariziwa. Kwa mtu wa kununua tu, yote hayo ni neno moja. Mkono ukisahau, ulimi nao husahau. Na sisi tujiitao walinzi wa Kiswahili twalinda nini, ikiwa kazi zilizoyazaa maneno zadharauliwa nasi wenyewe? Tena kufuma kuna mwenzake, kufumua: mtoto akikua, sweta lake hufumuliwa, na uzi ule ule humfumia mdogo wake. Nguo ya namna hiyo haina jaa la kutupwa.

Sisemi kila mtu ajifumie kila avaacho. Nasema kila msomi na afume, au asuke, au ashone, kitu kimoja kwa mkono wake, na kabati lake alipange kwa kipimo hicho: nguo chache, ajuazo zilikotoka, awezazo kuzitengeneza zikichanika. Atakayemaliza sweta moja, akahesabu usiku aliokesha nalo, atapita Kibiti, ataulizia bei ya mkeka, na atalipa bila ya kubishana.