Simenti ya mifupa iko, lakini nani atalipa?

Ndugu wachimbaji, kuna simenti ya kuziba mifupa: unga wa kalisiamu na fosfati, wanaukoroga na maji, unagumuka mwilini, kisha mufupa mupya unachukua nafasi yake pole-pole. Marekani iliiruhusu mwaka 1996 kwa mifupa ya kichwa. Peke yake inapasuka upesi. Ndiyo maana wanaichanganya na nyuzi, na mguu uliovunjika ungali unaomba chuma na visi.

Tatizo letu si unga, ni feza. Sheria ya Julai 2016 inamulinda mwenye kontra, kupitia CNSS. Muchimbaji wa mikono wa Bafwasende ao Banalia hana kontra. Lakini Kode ya migodi ya 2018 inamulazimisha kuingia koperative. Basi koperative iweke sanduku la ajali, mbele ya kugawa dhahabu.