Kabla Hujaleta Chochote, Wewe ni Mtoto

Sisi huku Uingereza tuzima, tunaendelea kupambana na maisha ya ughaibuni kama kawaida. Leo sina habari za safari wala za theluji. Kuna jambo linanikaa moyoni siku nyingi, nikasema ngoja niliseme, mkikaa jioni mlijadili wenyewe.

Jambo lenyewe ni hili: tumezoea kumpima mtu kwa alicholeta, mpaka tumeanza kuamini kwamba na Mungu anatupima hivyo hivyo.

Mnawajua wale watu ambao mnasema "wamepotelea Ulaya". Mtu anakaa miaka saba, minane, hapigi simu. Nyumbani inasemwa amejisahau, amepata mzungu, ana roho mbaya. Mimi ninawafahamu kadhaa, na wengi wao hawajajisahau kabisa. Karatasi zimekwama, au kazi imekatika, au hilo boksi analobeba linaishia kwenye kodi ya chumba na nauli ya basi. Anajua akipiga simu, swali la pili baada ya salamu litakuwa ni lipi. Basi anabadilisha namba, ananyamaza. Mmoja wao mama yake alifariki, yeye akaja kupata habari baada ya miezi minne, tena kwa mtu baki, nje ya kanisa. Huyo ndugu aliniambia kwamba hata kusali ameacha. Anasema mambo yakikaa sawa ndipo atarudi mbele za Mungu, kwa sasa hana cha kumwambia.

Hapo ndipo ninaposema tumekosea mahali. Aibu aliyoipata kwetu ameipeleka mpaka kwa Mungu.

Turudi kwenye Luka sura ya 15, habari ya mwana mpotevu. Tunaijua tangu shule ya Jumapili, lakini mwangalie yule kijana anavyojiandaa akiwa kule kwenye nguruwe. Anatunga maneno ya kwenda kumwambia baba yake, na mwisho wa maneno hayo anataka kuomba ajira: afanywe kama mmoja wa vibarua. Yaani anataka kurudi nyumbani kama mfanyakazi, alipwe kwa anachofanya. Sasa angalieni, alipofika, ile sehemu ya kuomba ukibarua haikusemwa. Baba alishamwona kwa mbali, akamkimbilia, akambusu, na kijana alipoanza kuungama mzee akaanza kuagiza vazi, pete na viatu. Hakuuliza kwanza mali imeishia wapi.

Na yule mkubwa aliyebaki nyumbani naye, ukimsikiliza, anajihesabu kibarua tu. Analalamika miaka yote ametumika na hajapewa hata mwanambuzi. Mmoja alikuwa mbali na mwingine shambani kwa baba, lakini wote wawili walisahau kwamba ni watoto. Nadhani wengi wetu tunaotuma hela kila mwezi na kutoa zaka bila kukosa tuko upande wa huyu mkubwa.

Niwape mfano wa kazini kwangu, kwenye wodi ya watoto njiti. Mtoto akizaliwa, katika dakika ya kwanza tu anapewa maksi. Mpango huo aliutunga daktari mmoja Mmarekani, Virginia Apgar, mwaka 1952. Tunaangalia mapigo ya moyo, kupumua, rangi ya ngozi, nguvu ya misuli na jinsi anavyoitikia akiguswa. Kila kimoja sifuri mpaka 2, jumla 10. Dakika ya tano anapimwa tena. Ni kipimo kizuri, kinatusaidia kujua nani anahitaji msaada haraka. Lakini sijapata kuona mama akasubiri asikie maksi ndipo aamue kama huyo ni mwanawe. Aliyepata 3 ndiye anayekimbiliwa zaidi. Kwangu mimi hiyo ndiyo rehema: udhaifu wa mtoto unafanya akimbiliwe, haumfukuzishi.

Na neno lenyewe rehema limetoka Kiarabu, na lina undugu na neno rahim, maana yake tumbo la uzazi. Kiebrania cha Agano la Kale nacho ni hivyo hivyo, huruma na tumbo la uzazi vina mzizi mmoja. Kwa hiyo tukisema Mungu ni mwenye rehema, tusimfikirie hakimu aliyesamehe faini tu. Tumfikirie pia mzazi na aliyemzaa.

Tazameni hata ubatizo wa Yesu pale Yordani. Sauti ya Baba inamtaja kuwa Mwana mpendwa wakati bado hajaanza kuhubiri wala kuponya wagonjwa. Kazi zilifuata baadaye. Kupendwa kulitangulia.

Najua kuna mjomba atasema, "Hayo ndiyo yanayowafanya vijana wawe wavivu. Ukimwambia mtu anapendwa bure, hatafanya lolote." Mjomba, shikamoo, lakini nakukatalia. Kuna huduma tunaita kangaruu, ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, wakati mashine za kuwatunzia njiti zilikuwa hazitoshi. Mtoto anawekwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi. Pale anapata joto, ananyonya vizuri, anaongezeka uzito, na vifo vinapungua. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri ianze mara tu baada ya kuzaliwa. Hatungoji mtoto akue ndipo akumbatiwe. Anakumbatiwa, ndipo anakua. Na mtu mzima aliyeanguka ni hivyo hivyo. Aliyehakikishiwa kwamba ni mtoto wa nyumbani ndiye anayepata nguvu ya kuacha ulevi, kulipa deni na kuanza tena.

Sasa ombi langu kwenu. Kama mna ndugu aliyepotea huku, mtafuteni. Mkimpata msianze na nyumba isiyokwisha wala michango ya harusi. Mwambieni tu mnataka kusikia sauti yake, na akitaka kurudi na begi moja, kitanda kipo. Na kanisani msiwape viti vya mbele waliorudi na gari peke yao. Huyu aliyerudi mikono mitupu ndiye hasa habari njema inamhusu.

Na kwako wewe uliyenyamaza huko uliko, iwe Reading au Minneapolis au Muscat: piga simu leo. Na kabla ya simu, piga magoti. Usitunge hotuba ndefu. Sema tu, "Baba, ni mimi." Anakujua kwa jina, wala hakuulizi umebeba nini.

Ni hayo tu kwa leo. Nisalimieni bibi, mwambieni dawa za presha asiruke hata siku moja. Mungu awabariki sana.