Mfungwa wa hatari ndogo apelekwe gereza la wazi

Tarehe 9 Desemba 2019, katika Uwanja wa CCM Kirumba jijini Mwanza, Rais John Magufuli alitangaza msamaha kwa wafungwa 5,533. Ulikuwa uamuzi wa huruma. Lakini mtu aliyesota ndani miaka mitano hufunguliwa lango asubuhi, na mchana yuko stendi na nguo alizoingia nazo, hana kazi, na kwao hajui nani bado anamtambua. Kati ya selo na stendi hakuna kituo. Huo ndio upungufu tunaoulaumu leo.

Kituo hicho si kigeni duniani. Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinasema katika kanuni ya 89 kwamba magereza ya wazi, yanayotegemea nidhamu ya mfungwa mwenyewe badala ya kuta, ndiyo yenye mazingira bora ya kumrekebisha mfungwa aliyechaguliwa kwa makini. Zimbabwe ilifungua gereza la namna hiyo, Connemara, mwaka 2000, na mwaka 2021 ikafungua la wanawake huko Marondera. Mfungwa wa Connemara hupewa ruhusa kwenda kwao siku chache, kisha hurudi mwenyewe bila pingu.

Tutajibiwa kwamba Tanzania ina magereza ya kilimo. Ni kweli. Idete wanalima mpunga, Kwitanga michikizi, Mbigiri miwa. Lakini shamba peke yake halifanyi gereza kuwa la wazi. Mfungwa anayelima huku askari amemsimamia, kisha jioni akahesabiwa na kufungiwa, hapati hata siku moja ya kujizuia mwenyewe. Vivyo hivyo fundi aliyefunzwa kushona viatu gerezani Karanga, Moshi. Mkono wake unaijua kazi, ila miaka yote hiyo hajapatana bei na mteja, hajaweka akiba, hajawatumia watoto ada kutokana na jasho lake.

Wananchi wana hofu, na hofu yao ni ya haki. Mzazi ambaye binti yake alibakwa hatavumilia kumwona mbakaji sokoni, wala hatutamwomba avumilie. Wabakaji, majambazi wa silaha na wenye historia ya ukatili wabaki ndani. Tunamzungumzia karani aliyekula fedha za ushirika, mama aliyepika gongo, kijana wa kosa la kwanza aliyebakiza mwaka mmoja. Hao kuwaweka nyuma ya ukuta mmoja na majambazi wazoefu ni kuwapeleka shule ya ujambazi kwa gharama ya mlipa kodi.

Uchaguzi usiachwe kwa mkuu wa gereza peke yake, kwa maana nafasi nzuri iliyo mkononi mwa mtu mmoja haikawii kuuzwa. Sheria ya Bodi za Parole ipo tangu 1994. Bodi hizo zipewe kazi hii, zitoe sababu kwa maandishi, na aliyetendewa kosa asikilizwe kwanza. Sehemu ya ujira wa mfungwa imfikie aliyetendewa kosa na familia ya mfungwa. Atakayevunja masharti arudishwe ndani siku hiyo hiyo.

Ardhi ipo na askari wapo. Waziri wa Mambo ya Ndani ateue moja ya mashamba hayo ya magereza, aligeuze kuwa gereza la wazi la kweli, na aliambie Bunge tarehe ya kuanza.