Sista Irene, Aliyeitwa Nyaatha

Hospitali ya misheni iliyoko Kiirua, katika nchi ya Meru, ina jina la Mtakatifu Teresa, mtawa wa Ufaransa ambaye mwaka 1927 Papa alimfanya mlinzi wa misheni zote, ingawa tangu siku aliyoingia monasterini hakutoka tena. Yuko mtawa mwingine, aliyefanya kazi ng'ambo ya pili ya Mlima Kenya, ambaye habari zake zawapasa watu wa Kiirua kuzijua. Kanisa bado halijamtaja Mtakatifu. Humwita Mwenye Heri.

Huyo ni Sista Irene Stefani wa Shirika la Consolata, aliyezaliwa Anfo, Italia, mwaka 1891. Alifika Kenya mwaka 1915, na muda si mrefu akapelekwa kuwauguza Kariakoo, yaani wapagazi wa jeshi, katika hospitali za Voi, Kilwa, Lindi na Dar es Salaam. Vijana wa Meru pia walichukuliwa katika upagazi huo, na wengi hawakurudi kwao. Wagonjwa walilala chini, wakiwa na vidonda na kuhara, wala hapakuwa na dawa za kutosha.

Huko Kilwa, asubuhi moja Sista Irene alimkosa mgonjwa aliyekuwa akimfundisha dini. Akaambiwa kwamba amekufa, naye amekwisha kutupwa ufukoni pamoja na maiti wengine. Alikwenda ufukoni, akawageuza maiti mmoja mmoja kwa mikono yake, hata akamkuta mtu wake angali anapumua. Akambatiza.

Tangu mwaka 1920 aliishi Gikondi, katika nchi ya Nyeri. Alipanda na kushuka vilima kwa miguu, amevaa viatu vikubwa. Akafundisha shule, akauguza wagonjwa, na wazee waliokuwa na watoto mijini akawaandikia barua na kuwasomea majibu. Watu wakamwita Nyaatha, yaani mama wa huruma.

Mwezi wa Oktoba 1930 mwalimu mmoja alishikwa na tauni. Inasimuliwa kwamba mtu huyo hakumpenda Sista, tena alikuwa amemsumbua. Wengine waliogopa kumkaribia. Sista Irene aliingia nyumbani mwake, akamwuguza, na ugonjwa ukampata yeye mwenyewe. Alikufa tarehe 31 Oktoba, umri wake miaka 39. Tarehe 23 Mei 2015 alitangazwa Mwenye Heri huko Nyeri, mbele ya umati mkubwa sana.